Hasara ya Mtu Mmoja

Mjini Pinga, Jumanne jioni

Leo nimemkumbuka mume wangu mpaka nikashindwa kula. Ni maneno ya Papa Idi yaliyonichoma, yule mfanyabiashara Mwislamu wa jirani.

Aliingia dukani akakuta rafu ziko tupu. «Mama Kavira, mimi nitaleta mali, wewe utauza. Faida tutagawana nusu kwa nusu. Kama watu ya bunduki wanaikamata mu njia, ni mali yangu njo imepotea. Wewe umepoteza kazi yako tu. Riba, dini yangu inakataza.»

Mume wangu Kasereka alikopa benki. Vitambaa vyote alivyonunua viliporwa njiani, lakini riba haikusimama hata siku moja. Vita havikuandikwa kwenye mkataba. Mwaka wa pili sasa anabeba mbao Uganda, anaogopa kurudi wasije wakamfunga.

Papa Idi naye si malaika. Biashara ikienda vizuri, nusu yake itapita riba yoyote, na kila siku atataka kujua nimeuza nini. Lakini nitalala. Kasereka hakulala tangu ile siku ya kutia sahihi.

Nimekubali. Kisha nikamuuliza kama mkataba unaweza kuwa na mtu wa pili, anayejua vitambaa kuliko mimi.

«Iko wapi?»

«Bwana yangu. Iko mbali.»

«Mwambie arudi basi, Mama.»

Arudi vipi? Deni la zamani liko palepale, na hilo Kasereka hana wa kugawana naye.

Kama huyu mzee angetangulia kufika dukani kwetu, kabla ya benki…