Sauti ya Baba Kwenye Laptop Isiyowaka

Jumapili, 11 Agosti 2024

Laptop imegoma. Nimetoka misa ya kwanza, nikaiwasha niandae mtihani wa darasa la sita. Taa ikawaka, feni ikanguruma, nembo ikatokea, kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee. Halafu giza, na safari inaanza upya. Mara tisa hivyo hivyo. Nimeizima kwa kubonyeza mpaka kidole kimeuma.

Mtihani si tatizo, nitauandika kwa mkono. Tatizo ni sauti ya baba. Mwezi mmoja kabla hajafa aliniambia nimrekodi akigawa mashamba yake, kwa sababu kuandika hakujua na mashahidi hakuwaamini. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia humu. Simu yenyewe ilikufa Mei. Nakala nyingine sina. Mwalimu mzima, kila siku nawaambia watoto watunze madaftari!

Tangu tumzike sijaisikiliza hata mara moja. Nashindwa. Na kikao cha ukoo ni Jumamosi hii. Baba mkubwa Leonidasi ameshatangaza Murusagamba nzima kwamba marehemu atasema mwenyewe.

Aliyeitumia mara ya mwisho ni mdogo wangu Juvenali, Ijumaa, nikiwa shuleni. Alisema anaangalia mpira. Aliirudisha imepanguswa vumbi — yeye ambaye hapangusi hata miguu akiingia ndani.

Jumatatu, 12 Agosti

Sijala tangu saa nne asubuhi na sidhani kama nitakula.

Nilimpa Erasmus, mwalimu wa hisabati, ndiye anayejua kompyuta pale shuleni. Akatoa betri, akabonyeza kitufe nusu dakika, akarudisha betri. Hakuna. Akasema huenda ni kadi ya kumbukumbu imeshika uchafu, akafungua skrubu za chini hapo hapo ofisini.

Mende. Si mmoja, ukoo mzima. Wakubwa wekundu, wadogo weupe-weupe kama punje za mchele zenye miguu, na vifuko vya mayai vimebandikwa kando ya feni kama maharage. Walitawanyika juu ya madaftari ya darasa la tano. Mwalimu Rozina alipanda kwenye kiti. Ile harufu — mafuta yaliyooza, na kitu kitamu kitamu ndani yake, hapo ndipo ninapochefukwa. Erasmus alikuwa anacheka tu. Mimi nawaza: kitu hiki nimekipakata. Nimekula nacho ugali. Nimelala nacho kitandani.

Aliwakung'utia nje kwenye majani, akachomoa kadi, akaisugua meno kwa ufutio wa penseli, akairudisha. Ikaenda hatua moja mbele. Skrini ya bluu, na kijiuso kimenuna. Mashine inanisikitikia. Basi.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeosha mikono mpaka ngozi imekauka. Bado nasikia miguu inatembea shingoni.

Jioni alikuja Juvenali. Ana upole leo, nilikuwa sijauona tangu alipotaka nimdhamini pikipiki. Akasema nisihangaike, yeye kesho anakwenda Ngara mjini, ataipeleka kwa fundi waipigie windo, yaani waiwekee Windows upya, itarudi mpya. Nikamuuliza wakipiga windo vilivyomo vinabaki? Akasema hilo ni la fundi kujua. Nikamwambia nitaipeleka mwenyewe. Akainuka bila kumaliza chai. Mkono wake ulikuwa umeacha alama ya jasho mezani. Nimeifuta mara mbili.

Domisiana naye amepita, ameleta mtori kwenye hotpoti. Huyu ndiye mwanamke aliyeishi na baba miaka sita ya mwisho. Alitoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, ndoa hawakufunga. Tunamwita mama mdogo ingawa ananizidi miaka minne tu. Aliona mkoba wa laptop umejaa vinyesi vya mende, akauchukua kwenda kuufua bila kuombwa. Hakukunja uso wala kuziba pua. Watu wanasema baada ya kikao atarudi kwao.

Mtori sikuweza kuugusa. Niliona punje za mchele zenye miguu.

Jumatano, 14 Agosti — Nyakanazi

Mwalimu mkuu amenipa siku mbili. Njia ni vumbi tupu, nimefika nywele zimekuwa za bibi kizee. Hapa Nyakanazi kila kitu kinanuka dizeli na mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mara mia. Fundi wa kwanza, pale penye maroli, hakuniuliza hata shida. Akachomeka flashi yake, akasema anapiga windo, dakika arobaini. Nikampokonya mashine mikononi. Akaniita mama mkorofi.

Wa pili anaitwa Shibuda. Mzee wa Kisukuma, amekuja huku kutoka Shinyanga na ng'ombe zamani, ng'ombe wakaisha, akajifunza redio, kisha simu, kisha hizi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kilichomo kinanihusu nini. Nikamwambia. Hapo akainua macho.

Akaifungua. Bado walikuwemo. Na chini ya kibodi kulikuwa na utando wa manjano, akaunusa, akasema mkojo wa panya. Niligeukia barabarani nikatema mate. Yeye akapangusa kwa spiriti kama anamwogesha mtoto. Akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya, akasoma.

"Mwalimu, mende hawana kosa," alisema. "Hii ilikuwa inafutwa."

Sikuelewa. Akanionyesha mistari, tarehe na saa. Ijumaa, tarehe tisa, saa tisa na dakika kumi alasiri, mtu ameiamuru ifute kila kitu. Katikati ya kazi chaji ikaisha. Ndiyo maana haiendi mbele wala nyuma.

Ijumaa alasiri. Mpira!

Shibuda anasema vilivyofutwa vingi bado vimelala kwenye diski, ila kuvitafuta ni kazi ya mpaka kesho. Nimepata chumba gesti. Sabuni ina unywele wa mtu. Mto una doa lenye umbo la kichwa. Nitalala nimejifunga kitenge, lakini si mto unaonichefua. Nilimbeba yule mdogo wangu mgongoni, mama akiwa shambani. Nilimtafunia ndizi.

Alhamisi, 15 Agosti

Imepatikana.

Picha nyingi zimekwenda, maandalio ya masomo yote yamekwenda. Lakini faili la baba lipo, jina limepotea limebaki namba, urefu saa mbili na dakika arobaini. Shibuda alilifungua kidogo kuhakikisha. Kikohozi cha baba kikatoka mle kibandani, kati ya chaja za simu. Nikamwomba alizime. Alinisogezea ndoo aliyokalia yeye, nikakaa, akaendelea na redio ya mtu mwingine. Mtu mwenye adabu.

Amenipigia windo kwenye diski nyingine, ile ya zamani nimeondoka nayo ndani ya bahasha. Sasa mashine inawaka kabla hujapepesa macho. Faili ninalo kwenye laptop na kwenye flashi, na flashi iko kifuani.

Juvenali alinipigia nikiwa kwenye basi. "Dada, imepona?" Nikasema bado. Nikakata. Nikapangusa simu kwenye sketi.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilimkuta Juvenali nyumbani kwa baba anasafisha matumbo ya mbuzi wa kikao. Domisiana alikuwa mtoni. Nilisimama mbali kidogo na ile harufu.

"Ijumaa saa tisa alasiri ulikuwa unaangalia mpira gani?"

Hakushtuka. Aliendelea kukamua utumbo, uchafu wa kijani ukidondoka kwenye karai.

"Umeisikiliza?"

"Kwa nini niisikilize? Nilikuwepo akisema."

"Hukuwepo mpaka mwisho," alisema. "Ulitoka kwenda kumchemshia uji. Kasikilize, dada. Ukimaliza ndipo uje uniite mwizi."

Nilitema mate. Si usoni kwake — chini, karibu na mguu. Nina miaka arobaini na mmoja. Akaangalia yale mate, akachota maji, akayamwagia, akarudi kwenye utumbo wake. Hata aibu hana!

Nimerudi nyumba ya shule. Nimefunga mlango na jua bado liko juu. Nimeisikiliza yote.

Mwanzo ni kama ninavyokumbuka. Migomba ya juu ya Juvenali. Kahawa yangu mimi. Nikamuuliza bonde, akasema bonde atalisema baadaye. Sauti yangu inasema naleta uji, mlango unalia. Kimya kirefu, anapumua. Halafu anaanza tena, kwa Kihangaza sasa, taratibu, kama anayeongea na simu yenyewe. Bonde lote, na nyumba anayolala, ni vya Domisiana. Asitolewe na mtu. Halafu maneno haya, nayaandika kama alivyosema, ila kwa Kiswahili: "Yeye amefua mashuka yangu. Wanangu wameniletea sukari."

Kisha sauti yangu inarudi: baba, uji huu. Na yeye anasema asante mwanangu. Dakika zilizobaki ni kijiko tu na bakuli.

Bonde lile ndilo lenye maji kiangazi chote. Nimeshachoma tanuri zima la tofali pale tangu Juni. Kila mtu anajua kwamba najenga. Nilijua ni langu. Nani aliniambia ni langu? Hakuna. Nilijua tu.

Sukari. Ni kweli nilipeleka sukari. Kila mwisho wa mwezi, kilo mbili, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango kwa sababu chumba kilinuka.

Jumamosi, 17 Agosti

Wameshafika. Naandika kwenye chumba cha stoo, nimesema natafuta waya wa chaji.

Domisiana ameamka kabla ya wote. Amefagia, amepanga viti vya parokia, anapika ndizi na yule mbuzi kwa ajili ya watu waliokuja kumwambia aondoke. Shangazi Claudia amemwita "huyu" mbele yake. Huyu alete maji. Huyu ameleta, amekaa nje, upande wa wapishi.

Juvenali ameniangalia mara moja tu, nilipoingia. Hakutikisa kichwa, hakufanya lolote. Nikajikuta nimeelewa kwa nini alifuta. Na nikamkasirikia zaidi kwa sababu nimeelewa.

Baba mkubwa Leonidasi alinishika mkono pale uani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama chombo kimepona. Nikasema kimepona, kinawaka vizuri. Akafurahi, akawaambia wazee. Halafu akauliza, kwa sababu mkutano una mambo mengine na jua linapanda, sauti yenyewe ina urefu gani.

Nimejibu: kama saa moja na nusu hivi, baba, baada ya hapo ni kimya tu.

Yametoka yenyewe. Sikuyapanga njiani, sikuyapanga jana. Wala sauti haikutetemeka. Saa moja na nusu ni pale ninapotoka kwenda kuleta uji.

Mdomo una ladha mbaya, nimesukutua, haitoki. Nasema nitawaambia. Naweza kutoka sasa hivi nikasema nimekosea, ni saa mbili na dakika arobaini, tuvumilie hadi mwisho. Ni sentensi moja.

Domisiana amebisha hodi. Amefungua mlango kidogo, mikono yake ina majivu, akaipangusa kwenye kanga kwanza. Akasema wazee wanasubiri, nimpe yeye mashine aipeleke mezani, mimi nije na waya. Nimempa. Ameipokea kwa mikono miwili.

Waya ninao mfukoni. Wanaita, mwalimu, mwalimu. Kwa dirisha namwona ameiweka katikati ya meza, anageuza skrini iwaelekee wazee, halafu anarudi kukaa kule nje, upande wa wapishi. Natoka na waya, na ile sentensi moja bado sijaisema.