Wenzo wa Kunyooshea Bampa la Jaji

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua huwezi kuikata katikati.

Dereva wa basi atakupa na chuma. Kabla hujacheka, soma. Ni bomba la maji linalonifika kiunoni. Mwisho wake nimechomelea kulabu, na chini kidogo ya kulabu nimefunga kipande cha tairi. Bampa likikaa upande, usilifungue wala usiligonge. Legeza nati kidogo, ingiza kulabu nyuma ya kile chuma kinacholishika bampa, egemeza tairi kwenye chesisi, kisha lilalie bomba polepole. Chuma kinarudi mahali pake na kromu haipati hata mkwaruzo. Nimenyoosha mabampa kumi na matano hivyo. Wewe na nyundo yako mnanyoosha moja mnaumiza mawili.

Nasikia Jaji mstaafu amekuletea lile gari lake la zamani la taa za mviringo, na likimridhisha ataleta mengine manane. Jaribu wenzo huu hapo. Ukifaa, naomba kitu kimoja tu: nirudi tufanye kazi pamoja kwenye gereji ya Baba. Baba alipofariki uliniambia gereji haina kazi ya mwanamke. Miaka sita nimehangaika kwenye gereji za watu. Nataka kwetu.

Mdogo wako


Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama anakusalimu, magoti ndiyo yanamsumbua.

Fimbo yako imefika. Jirani aliiona mlangoni akanipa pole, alidhani nimevunjika mguu. Mchoraji wa vibao aliuliza kama sasa nachimba visima. Nimekaa gereji miaka ishirini na tisa, leo nafundishwa kazi na bomba la bafuni.

Lakini nisije nikaambiwa nina roho mbaya, nimeijaribu. Nililegeza nati, nikatia kulabu, nikalala juu yake kama mgonjwa. Nikaja kupima kwa kijiti cha Baba, kile alichokikata mwenyewe, kinachosimama sakafuni na kufika mdomo wa chini wa bampa. Kushoto sawasawa. Kulia bampa limepanda vidole viwili juu ya kijiti. Vidole viwili! Hata kipofu angelinyoosha vizuri zaidi. Nimechukua nyundo na gogo, nikalishusha mpaka likakaa juu ya kijiti. Jaji anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Habari ya kurudi tusiongee. Kila mtu abaki na anachokiweza. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kaka yako


Tarehe 20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimecheka mpaka wenzangu wameuliza nina nini.

Kijiti cha Baba kinasimama wapi? Sakafuni. Na gari linasimama wapi? Kwenye kingo za lile shimo la kukagulia magari, zege nene ambalo halijasogea tangu limwagwe. Sasa sakafu ya kulia, nje ya ukingo, ndipo lile bomba la maji la chini ya sakafu lilipopasuka mwezi ule nilioondoka. Nilikuambia udongo unaondoka chini na sakafu itatitia. Ukaniambia kama nayajua sana maji nikaoshe vyombo.

Imetitia, Kaka. Bampa halikupanda, kijiti ndicho kilichoshuka. Chukua ndoo, mwaga maji, uone yanakoelekea. Kisha pima kutoka kwenye taa za gari, maana taa hazikai sakafuni. Umeligonga bampa lililonyooka mpaka likapinda. Fundi wa miaka ishirini na tisa. Nyani haoni kundule.

Fanya haraka kabla ya Jumamosi, kama barua hii itakuwahi. Nakuambia kwa sababu ni gereji ya Baba, si kwa sababu umestahili.

Mdogo wako


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo, magoti yamepata nafuu. Usininunie kwa kimya changu, nilikuwa na kazi.

Barua yako ilichelewa. Jumamosi ile Jaji alilitoa gari barabarani, akarudi nyuma hatua kumi, akainamisha kichwa kulia kulifuata bampa. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wanatazama. Akaniuliza, "Fundi, hili umelinyoosha au umelilaza?" Wakacheka wote, hata mchoraji wa vibao. Ikabidi nimwambie kwamba kosa ni la dada yangu, alinitumia chuma chake cha ajabu, nikamhurumia nikakitumia. Akasema wanawake na magari, akaniachia gari nilirudie, basi yakaisha. Ungekuwa mimi ungesema hivyohivyo.

Barua ilipofika nilimwaga maji. Yalikwenda kulia yote. Magari yote yaliyotoka hapa miaka sita hii yanainama kulia, na mimi nilikuwa nayaona mjini nikisema wenyewe hawajui kuendesha.

Basi nikachukua wenzo wako, nikapima kutoka kwenye taa, na bampa la Jaji likarudi kwa robo saa. Sikugonga hata mara moja. Jaji alilishika kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe, asiamini. Ameleta magari yake manane. Wengine nao wanakuja kuuona wenzo. Aliuliza nani kaubuni. Nikasema ni mimi, kile chuma chako nilishakitupa. Ingekuwa vigumu kuanza kueleza upya, na mteja hapendi hadithi ndefu. Mchoraji ameshauchora mlangoni, na jina langu chini.

Kwa hiyo njoo. Nafasi ipo, upande wa kushoto wa shimo. Ila watu wakiuliza habari za wenzo, niachie mimi nijibu.

Kaka yako


Tarehe 10 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Mpe Mama pole ya magoti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifika kwenye neno njoo nikaanza kukunja nguo, sitakuficha. Miaka sita nimelingoja neno hilo. Mara ya pili nilisoma yaliyotangulia, nikazikunjua.

Bampa lilipopinda lilikuwa langu. Liliponyooka likawa lako. Mbele ya mtaa mzima, wala hukuona aibu kuniandikia. Ungeniibia kimyakimya ningekuita mwizi, nikaja hivyohivyo, maana bomba na kulabu yeyote anaweza kuviunga. Lakini wewe ulinitukanisha kwanza, ndipo ukaniibia, na sasa unataka nije nisimame kando nikutazame ukisifiwa.

Siji. Inaniuma, na nataka ujue kwamba inaniuma. Hiyo gereji nilijifunza kutembea ndani yake. Lakini heri nilale chini ya gari la mtu baki anayejua kazi ni ya nani.

Wenzo baki nao. Hapa nimeshaunga mwingine, bora kuliko huo.

Mama atakuuliza kwa nini sirudi. Usimwambie ni kazi nyingi, wala usimwambie nina kiburi. Mwambie ulichomwambia Jaji, mara zote mbili. Jumapili nitampigia, nimsikie umemwambia nini.

Mdogo wako