Karibuni Niliyoitamka Kanisani

Quakers Hill,
Sydney, Australia.
2 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Stephania,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Dawa ya kuchua niliyomtuma Benjamin akuletee ilifika, au bado iko kwenye begi lake? Najua alivyo huyo binamu yangu. Sisi huku ni wazima, tunaungua na jua. Mimi tumbo limetangulia, nami nafuata nyuma yake. Jacky ametimiza miaka kumi na minne na amenipita urefu, jambo ambalo ananikumbusha kila asubuhi.

Sasa sikiliza, Shangazi, maana nimechoka na nafsi yangu, na sehemu ya lawama ni yako.

Unajua Atupele anavyofanya kazi kwenye ile nyumba ya kulelea wazee. Miaka miwili hajachukua likizo. Mwezi wa kumi na moja daktari alimpima presha, akamwambia apumzike kabla hajalazimishwa kupumzika. Siku hiyo mke wangu alikaa kitandani hajavua hata viatu, akaniambia, "Siku tatu, Fideli. Sitaki kupika, sitaki kuosha, sitaki kumuuliza mtu kama ameshiba." Nikaapa.

Nikatafuta kambi ya likizo kwenye mji wa pwani uitwao Ulladulla (usijaribu kulitamka ukiwa na chai mdomoni), mwendo wa saa tatu kwa gari. Vijumba vya mbao, karavani za kupanga, majiko ya kuchomea nyama ya watu wote, na bahari hapo chini. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wanne, sahani sita.

Jumapili moja kabla ya safari, mchungaji akauliza nani ana tangazo. Mimi ni mzee wa kanisa, nilipaswa kuaga. Nikasimama nikasema hatutakuwepo, tutakuwa Ulladulla, nyumba nambari kumi na saba. Nambari niliitajia nini, mpaka leo sijui. Kisha, Shangazi, mdomo ulioulea wewe ukamalizia wenyewe: "Karibuni sana!"

Si wewe uliyenifundisha kwamba mtu hataji chakula wala safari bila kukaribisha? Lakini kwetu Tukuyu, mtu akikukaribisha hivyo unajibu asante, unakwenda zako. Huku, kanisani kwetu Lidcombe, tunasali na watu wa nchi sita, na kila nchi ina masikio yake.

Ijumaa tulifika. Atupele alilala kwenye kiti, miguu juu, akacheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wa mama yake.

Jumamosi saa nne asubuhi nikasikia honi. Magari manne. Wa kwanza kushuka ni Arakaza, Mrundi anayetupigia kinanda, mikono juu: "Mzee Fideli, tumeitika!" Nyuma yake mbuzi mzima kwenye ndoo, tayari amekatwakatwa. Kisha Mama Léonie wa Bukavu na sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto: "Papa, ulituita, tumekuya! Masahani iko wapi?" Watu kumi na saba. Nambari ya nyumba, nambari ya wageni.

Nilimgeukia Jacky kutafuta huruma. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba niliwaalika mwenyewe, na kwamba amenirekodi kwenye simu.

Mama wa mapokezi akaja na karatasi zake. Wageni wa mchana mwisho wanne, na saa kumi na mbili jioni wawe wametoka. Akauliza hawa ni akina nani. Arakaza akasema, "Familia moja." Mama yule akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, mzee mzima wa kanisa. Akahesabu tena, akapumua, akaenda zake.

Kwenye jiko la nyama kulikuwa na foleni ya Waaustralia na soseji zao, wakimwangalia mbuzi wetu aliyejaza jiko lote. Nikaona aibu. Na nikiona aibu unajua nasema nini. Nikasema karibuni. Mzee mmoja na mkewe wakaleta viti vyao.

Atupele alikuwa anaosha sahani sita zilizolisha wageni kumi na tisa, na kila anayepita anamsifu kwa ukarimu. Saa tisa nikamtafuta, sikumwona. Mkoba hakuna, mto wa kulalia hakuna.

Nilizunguka kambi nzima. Mwisho kabisa, karibu na uzio, kulikuwa na karavani ndogo, na kandambili zake mlangoni. Amejipangia mwenyewe, kwa jina la baba yake. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mumeo."

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. "Humu hakuna karibu, Fideli," akasema. "Waoshee vyombo wageni wako." Akafunga.

Nikarudi nikavua shati, nikaosha ile sufuria ya Mama Léonie mpaka saa kumi na mbili ikafika na wageni wakaondoka, wamefurahi mno, wananishukuru. Atupele alikaa kule hadi Jumatatu mchana. Jacky alikuwa anampelekea chai, anaiacha ngazini. Alipotoka, uso wake ulikuwa umetulia. Kwenye gari hakunigombeza. Alilala hadi nyumbani.

Leo kanisani mchungaji ameuliza matangazo. Nilipoanza kuinuka, mkono wa Atupele ukanishika koti. Nikakaa.

Sasa, kuhusu safari yako ya kuja huku mwezi wa sita. Barua yako ilipofika, neno karibu lilikuwa limeshafika ulimini, nikalimeza. Nikaenda kumuuliza Atupele kwanza, mara ya kwanza tangu tuoane. Aliendelea kukunja nguo, nikaanza kutafuta maneno ya kukuomba radhi. Kisha akasema, "Mwandikie aje. Na mwambie ni mimi niliyesema."

Basi nimekwambia. Neno hilo ni lake, mimi nimeliandika tu.

Msalimie Benjamin na mkewe, Mama Anyisile wa dukani, na mzee Mwaipopo. Nambari ya nyumba usiwape. Mungu akulinde magoti mpaka ngazi za ndege.

Mwanao akupendaye, kwa sasa amepigwa marufuku kualika,
Fidelis