Nilipokwambia Usije

Mtaa wa Ngomeni,
Karak, Jordan.
3 Machi 2019

Mdogo wangu mpendwa Inshirah,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Uswidi? Shemeji Luay mgongo umepoa, au bado anatembea kama aliyedondosha sindano? Mwambie Talin picha aliyonichorea nimeibandika kwenye friji. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila magoti yananisumbua na baridi ya mwaka huu imeng'ang'ania.

Nguo za mama nimeshazigawa. Ile kanzu nyeusi yenye tarizi nyekundu nimekuwekea wewe.

Nyumba kimya, Inshirah. Sikujua mtu mmoja mgonjwa kitandani anaweza kuijaza nyumba kiasi kile. Sasa napika dengu kikombe kimoja, nakula nimesimama jikoni, na redio naiacha inaongea peke yake. Ijumaa ndiyo mbaya zaidi. Kila nyumba mansaf inanukia nyama ya kondoo na mtindi, na mimi sina wa kumpikia.

Kinachonitoa nje ni kilabu ya vijana. Tangu nistaafu nawafundisha stadi za maisha, Jumamosi na Jumanne baada ya alasiri: kujieleza kwenye usaili wa kazi, kukataa unaposhawishiwa ujinga, kuomba msaada bila kuona haya. Wako kumi na wanne, na kelele zao za watu arobaini. Wakiondoka nafuta ubao mara mbili ili nichelewe kurudi nyumbani.

Jana somo lilikuwa hilo la kuomba. Kila mmoja amwambie aliyekaa naye jambo moja analolihitaji, waziwazi, bila kuzungukazunguka. Wakaweza wote, hata Mutaz ambaye siku zote humtoi neno. Nikajiona fundi kweli. Mara Tuqa, binti wa muoka mikate, mdomo kama wembe, akasema, "Mwalimu, na wewe je? Zamu yako!"

"Mimi sina shida yoyote, wanangu, alhamdulillahi."

"Aa, mwalimu! Hapa hukaribishwi chai, ukatae mara mbili, ya tatu ndipo unywe. Umefeli!"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikaenda kujifungia chooni, nikalia.

Nililia kwa sababu nilikukumbuka wewe. Baada ya arobaini ya mama ulinipigia simu ukauliza, "Dada, nije nikae nawe mwezi mmoja?" Nikakujibu, "Hapana, usijisumbue, una watoto." Ukasema, "Haya, kama uko sawa." Inshirah! Nilikuwa nimekataa mara ya kwanza tu! Nilingoja unishurutishe, uape kwa Mungu, kama mama alivyokuwa akiwafanyia wageni, nami nikubali ya tatu. Wewe ukaaga, ukakata simu.

Nilikununia wiki nzima. Nikasema Uswidi imemharibu mdogo wangu, hana tena hata adabu ya kubembeleza mtu. Kumbe huko hapana ni hapana, na wewe umeishi nao miaka kumi na tisa. Uliniheshimu, na mimi nikakuwekea kinyongo. Kosa ni langu, unisamehe.

Basi nakwambia bila kuzunguka: nina upweke, na nakuhitaji. Sihitaji zawadi, wala dawa za magoti. Nataka mtu wa kugombana naye kuhusu chumvi. Njoo kabla ya Ramadhani, na watoto kama Luay atakuruhusu uje nao, na kama haiwezekani njoo peke yako.

Msalimie Luay sana. Mbusu Talin, na Zaid pia hata akijifuta shavu. Shangazi Nuzha anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Mungu awahifadhi nyote, na akufikishe salama mlangoni kwangu.

Nimeandika barua makusudi, maana ulimi wangu naujua. Ukinipigia nikakwambia usijisumbue, usinisikilize. Kata tiketi.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,

Rabiha