Siku 611 za Mama Mkwe

Tegan, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!!

Niko hospitali hapa Launceston, mama mkwe alikuwa anabadilishwa goti. Kaniachia simu nimchezee ule mchezo wake wa kila siku, wa kupanga chupa tano za rangi mpaka upatie mpangilio uliofichwa. Siku 611 hajashindwa hata moja!

Alinisisitizia, "Kerryn, kila zamu hamisha mbili tu, halafu angalia ngapi zimekaa sawa." Mbili tu, Tegan!

Tatu zilishakaa sawa. Nikajifanya mjanja, nikazivuruga zote. Na ilikuwa nafasi ya mwisho!

611 imekuwa 0. SIFURI!!

Mama mkwe wamemtoa chumba cha upasuaji sasa hivi. Goti hajaliulizia. Kanishika mkono: "Mwanangu, leo chupa ya kijani ilikaa wapi?"

Nikamwambia katikati; ile sifuri sijaitaja.

Nesi kamletea chai, kaikataa. Anataka simu.