Kwa Baba Manase Mtewele, Mwenye Mita

Njombe, Julai 1955

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze pale Mdandu, na jirani yetu Mzee Marcelino bado anawaambia watu kwamba mita yako ya kupimia umeme ilitengenezwa na mbuzi wake. Anasema wewe ulishindwa, mbuzi akapanda mezani, akaivuta ikaanguka, na mshale uliokuwa umelala ukasimama. Anasimulia hata sokoni. Wewe ungecheka. Sisi tumeona tuandike yalivyokuwa, maana mita yenyewe haipo nyumbani ijitetee, na kuirudisha ndiko kunakotusumbua mwaka huu wote.

Ulirudi nayo kutoka vitani, ikiwa tayari ya zamani, imefungwa ndani ya blanketi la jeshi. Kitabu chake hakikuja. Ulituambia askari wenzako walikivuta chote huko Burma, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu tumbaku ilikuwepo na karatasi hazikuwepo. Basi ilipoharibika hukuwa na pa kuuliza. Ulikaa mbele yake asubuhi nzima umekunja mikono, kama mtu anayemngoja mgeni aseme shida yake. Mteja akiingia na redio yake mbovu unamwambia, "Kaa. Nasikiliza kwanza." Wakakaa. Wengine walivua kofia.

Kisha ukaomba nyuzi za sufu za Mama, aliyekuwa anakufumia sweta la baridi. Kila waya ukaufunga uzi wa rangi yake, ili ujue unatoka wapi na unarudi wapi. Sweta likabaki na mkono mmoja. Mama akasema, "Baba Esteria, sema tu. Uliioa hiyo, mimi ni mke wa pili." Uliendelea kufunga uzi. Ulikuwa na skrubu mdomoni.

Hapo ndipo mbuzi alipokuja. Hakupanda meza wala hakuangusha kitu, maana mita ulikuwa umeiweka chini barazani ipate jua. Alikula nyuzi. Alianza na nyekundu, akaja kwenye buluu, akaacha nyeupe. Tuliporudi kutoka shambani tukaikuta mita imenyolewa. Uliketi ukafunika uso kwa kofia. Tulidhani unalia, kumbe ni kicheko. Kesho yake ukaanza tena tangu waya wa kwanza, safari hii kwa vijiti vya mwanzi mkavu.

Katika kuanza upya ndipo ulipofungua mpaka kwenye sumaku, mahali ulipopita haraka mara ya kwanza. Ukaniita. "Esteria, tazama wewe, macho yangu yamejaa moshi." Nikatazama sana. Pale mshale unapozungukia palikuwa na vumbi limesimama wima kama ndevu. Ukachonga mwanzi ukawa mwembamba, ukaupaka nta ya nyuki ncha yake, tukalitoa punje kwa punje, mimi nikizuia pumzi. Mshale ukainuka. Ulisema neno moja tu, "Majembe." Juu ya meza yako ya ufundi ndipo ulipowanolea majirani majembe kwa tupa kila msimu wa kulima, na unga wa chuma ulikuwa umeifuata sumaku ndani. Jembe la mwisho kunolewa pale lilikuwa la Mzee Marcelino. Hilo halimo katika hadithi yake.

Wala hukumwambia. Ulimtengenezea tochi yake wiki ileile, ukamwomba tu amfunge mbuzi.

Tangu hapo ulinikalisha mezani. Wanaume waliuliza kwa nini binti, tena wa darasa la nne. Ukawajibu kwamba huyu anajua kungoja.

Kifua kilipokushinda na matanga yakaisha, wazee waligawa vitu vyako. Vya chuma huenda kwa ndugu wa kiume. Wakauliza, mita ni chuma au si chuma? Mama akasema ina kioo pia, na vyombo vya kioo ni vya mke. Wakaigonga kwa ukucha, wakasikiliza, wakaamua ni chuma. Baba mdogo Abrahamu akaipakia kwenye lori la Makambako.

Huko haipimi redio. Ameiweka katika kilabu chake cha ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Mnywaji hushika waya zote mbili. Mshale ukitikisika anaambiwa amekunywa vya kutosha, usipotikisika anaongezwa. Madereva wa malori husimama kwa ajili hiyo. Nilipomfuata kumwomba, alinishikisha waya mbele ya watu. Mshale ukainuka kidogo, akasema, "Mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike." Walicheka, nikacheka nami. Lakini nilirudi Njombe mikono mitupu, na hapa mezani kuna redio ya Mwalimu Odilo na nyingine ya karani wa Boma. Bila mita ninapapasa tu. Karani ameanza kuulizia fundi wa Iringa, na akienda yeye, wengine watamfuata, na meza yako itakuwa ya kukatia mboga.

Sasa tunasikia mshale umelala tena, na kilabuni walevi na wazima wote wamekuwa sawa. Baba mdogo alimtuma dereva aniulize ulifanyaje. Nikamjibu kwa dereva huyohuyo kwamba sijui ina nini safari hii mpaka niifungue, na siwezi kuifungua ikiwa Makambako. Iletwe, nitaitengeneza, nayo ibaki hapa. Dereva amekwenda na kurudi. Hana neno.

Unakumbukwa na mke wako Emilia, binti zako Esteria na Fidelia, dada yako Telesia wa Matamba, na majirani wote. Kila tunapoketi mezani upo nasi, Baba, na hatutakusahau siku zote.

Baba mdogo Abrahamu, kamwene, tunakusalimu. Tunajua gazeti hili unasomewa kilabuni. Tunakuomba uipakie mita kwenye lori la Jumamosi. Tutakuwa barabarani tangu asubuhi, mimi na Mama, na blanketi la kuifungia.