Mistari Mitatu ya Wasifu wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mama, na za mdogo wetu, ambaye anataka nikuandikie kwamba jino lake la mbele limeng'oka na hakulia hata kidogo. Alilia. Hujambo huko? Kile kikohozi kimekuachia? Mama anauliza kama unakula chakula cha maana au bado unashindia chai na mkate. Sisi ni wazima wa mwili. Ila nina habari ambayo nimeibeba wiki nzima, na kama unavyonijua, kwa mdomo siwezi kuisema.

Unajua baba hana kazi tangu gereji yao ilipopunguza mafundi. Ndivyo alivyotuambia. Alizunguka gereji nyingine zote, na kila alikokwenda alitakiwa alete wasifu. Akarudi akicheka, akisema tangu lini injini ikamwuliza fundi karatasi. Mama akamjibu kwamba injini haimwajiri mtu, kwa hiyo aache maneno aandikiwe huo wasifu. Kazi ikaniangukia mimi, kwa kuwa ndimi ninayelala na vitabu.

Nilimwendea mwalimu wetu wa maktaba. Alinieleza kwamba mwajiri ana rundo la karatasi mezani, na wengi husomwa mistari ya juu tu, kisha wanawekwa kando. Kwa hiyo utangulizi uwe mfupi, mistari mitatu: wewe ni nani, unaweza nini ambacho wenzako hawakiwezi, na yeye atafaidika nini akikuchukua. Akanionya nisiweke shida za nyumbani, maana huruma haifungi nati.

Baba alikuwa amenipa utangulizi wake mwenyewe. Ulianza kwa kumsalimu mwajiri na familia yake, ukaendelea kwamba yeye ni baba wa watoto watatu, hanywi pombe, na amepitia mengi. Nilifuta karibu wote, kwa heshima. Kisha nikamwuliza anaweza nini ambacho mafundi wengine hawakiwezi. Akanijibu kwamba ameshakula, asante. Nilidhani ananitania kama kawaida yake, nikaona nijibu mwenyewe, kwani jibu mtaa mzima unalijua. Si ndiyo sababu wanamwita Daktari? Unakumbuka anavyoweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anautaja ugonjwa.

Nikaandika hivi: "Fundi wa magari mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili. Hutambua ubovu wa injini kwa kuisikiliza tu, kabla hajafungua hata nati moja. Atakuokolea muda na kuwafanya wateja wako warudi."

Kaka, niliipenda ile mistari. Niliisoma kimoyomoyo njia nzima kutoka maktaba. Jioni nikamsomea, kama ninavyomsomea kila kitu tangu miwani yake ivunjike: magazeti, barua zako, hata hadithi za vitabu vya shule. Alikaa kwenye kiti chake akiniangalia, akitikisa kichwa taratibu kama anayekubali. Nilipomaliza akasema, "Barabara kabisa, mwanangu."

Haukupita muda, gereji moja kubwa ikamwita. Jumamosi nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi karibu na lango. Mwenye gereji alitoka na karatasi yetu mkononi, amefurahi kweli. Akawaita mafundi wake wote, akawasomea ule mstari wa pili, akasema leo wamepata mtu wa kuwafundisha kazi. Kisha akaagiza gari fulani liwashwe, akamwambia baba aseme lina nini.

Lilikuwa linalia, kaka. Mlio mwembamba, kama filimbi iliyopasuka. Hata mimi nisiyejua gari niliusikia kutoka langoni. Baba aliinama na bisibisi yake. Akasikiliza. Akahamisha ncha, akafumba macho, akasikiliza tena. Mwishowe akasema injini hii ni nzima, labda ibadilishwe oili.

Walicheka vibaya. Mmoja akauliza huyu ni daktari wa nini, wa maiti? Mwingine akasema amwandikie na dawa kabisa. Mwenye gereji hakucheka. Alimrudishia baba karatasi, akamsemesha jambo. Baba akatabasamu, akatikisa kichwa taratibu, vilevile kama anavyonitikisia mimi jioni. Hapo ndipo nilipoelewa.

Tulirudi kwa miguu. Njiani alisimama penye ukuta wa kiwanda, akaniomba nimwonyeshe ni mstari gani uliosomwa. Niliuwekea kidole. Akaisogeza karatasi mbali na macho, akausoma polepole. Halafu akasema nimeandika vizuri sana, na kwamba hata yeye angependa kumfahamu huyo fundi.

Ndipo akaniambia yote, nami nakuambia wewe. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linasikia kidogo, mtu akipaza sauti. Gereji ya zamani haikupunguza mafundi. Siku moja alikuwa akiteremsha jeki huku mwenzake yuko chini ya gari, anapiga kelele asimamishe, naye hasikii. Yule mtu aliponea chupuchupu, suruali ikapasuka tu. Baba akavua ovaroli siku hiyohiyo, akaondoka bila kufukuzwa na mtu. Mama alijua. Wewe hukutakiwa kujua, maana baba anaogopa utaacha masomo urudi.

Lakini uliandika kwamba baba amekukasirikia, eti ukipiga simu anasema "haya, haya," kisha anampa mama haraka. Siwezi kukuacha na wazo hilo. Hajakukasirikia, kaka. Hakusikii. Na mimi, ambaye kila mtu ananiambia nasemea kifuani, sijui ni jioni ngapi nimemsomea hadithi akaniangalia midomo tu, akakaa mpaka mwisho ili nisivunjike moyo.

Jana tulianza utangulizi mpya. Nilikaa kuliani kwake, nikasoma kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kwamba huyu ni fundi wa magari mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili. Fundi cherehani wa chumba cha pili akaitikia kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba mtaa mzima tumesikia, aajiriwe! Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mdogo wetu akajigaragaza sakafuni. Baba akatutazama mmoja mmoja, naye akacheka, kwa sauti kubwa kutushinda sote.

Kisha akaniinamia, akaniuliza polepole tunacheka nini.

Usiache masomo, tafadhali. Ila usimpigie tena simu baba. Mwandikie yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa, nami sitamsomea. Nitampa karatasi mkononi. Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu anasema umletee kitu, hajui kitu gani. Jifunike vizuri usiku, na Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
akupendaye.